Kioo cha Kulala, Kioo cha Kusimama

Mtu akiniambia leo kwamba Kiswahili hakina maneno ya mashine, mimi huvuta kiti nikakaa, kwa sababu najua tutachelewa. Niliambiwa hivyo Kitengela, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na bosi wangu, mbele ya watu, nikiwa nimeshika ufagio. Sikumsamehe na sina mpango wa kumsamehe. Nilikuwa msichana wa ishirini na kitu, niko na mdomo ambao mama alisema siku moja utanimwagia unga. Uliumwaga kweli. Lakini kabla haujaumwaga ulifanya kazi nyingine, na hiyo ndiyo nataka kuisimulia.

Tulihamia Kitengela kutoka Ukambani miaka ya tisini, baba alipopata kazi kwenye kiwanda cha simiti upande wa Athi River. Siku hizo nyumbu walipita nyuma ya choo chetu asubuhi na hakuna mtoto aliyeacha uji wake kwenda kuwatazama. Majirani wa upande mmoja walikuwa Wakamba wenzetu, wa upande wa pili Wamaasai, na mimi nilijua kuitikia salamu ya Kimaasai kabla sijajua kuandika jina langu. Nilipomaliza kidato cha nne, ile mbuga ilikuwa imekatwa ploti, kila ploti na waya wake, na nyumbu hawakujua tena wapite wapi. Nikasoma kozi fupi ya kompyuta kwenye chumba kimoja juu ya duka la dawa, nikatafuta kazi, nikapata ya kufagia na kupaki.

Karakana yenyewe ilikuwa kando ya barabara ya Namanga. Tulitengeneza vibao vya milango na vya mitungi, lakini zaidi ya yote tulitengeneza tegi, vile vipande vya plastiki ya manjano vinavyovishwa sikioni mwa ng'ombe ili mwenyewe ajulikane. Bosi alikuwa amenunua mashine ya leza, imetumika kwa wenyewe huko ng'ambo, na ilipofika tuliizunguka kama watu waliokuja kumwona bi harusi. Ilikuwa kabati la chuma lenye mlango wa dirisha dogo, na kompyuta kando.

Fundi aliyekuja kuifunga alikaa nasi siku kadhaa. Alikuwa mtu mpole, anajibu swali lolote. Kila alipoinua kifuniko mimi nilijikuta nafagia hapo hapo. Nikamwuliza mwanga unaandikaje na hakuna mkono unaoushika. Akanionyesha. Ndani ya kichwa cha skana, kile kisanduku kinachoelekeza mwanga, kuna vioo viwili vidogo, kila kimoja kimekaa kwenye mota yake. Leza inapiga kioo cha kwanza, inaruka kwenye cha pili, inashuka kwenye plastiki. Kioo kimoja kikicheza, alama inakwenda kushoto na kulia. Kingine kikicheza, inakwenda juu na chini. Vikicheza pamoja unapata herufi. Kuna kadi ndani ya kompyuta inayoviambia vioo viende wapi, na hiyo kadi inaambiwa na programu, na programu inaambiwa na mtu aliyekaa kwenye kiti.

Hapo ndipo bosi alipotukuta. Akaniambia kazi yangu ni kupaki. Nikamjibu kwamba nilitaka kujua tu, ili nikiulizwa nyumbani nisikae mdomo wazi. Akacheka, akasema, "Utawaambia nini? Hii kitu haina Kiswahili. Hata nikikueleza, utaibeba na nini?"

Nikarudi kupaki. Nilikuwa bado nahitaji kazi. Lakini nilikuwa na mwenzangu tuliyepaki pamoja, dada wa Kimaasai aliyezaliwa huko chini ya mji wa Kajiado, mcheshi, asiyeogopa mtu. Kuanzia siku hiyo, tukiwa tunapanga tegi kwenye makatoni, tulikuwa tunaipa ile mashine majina kwa makusudi. Kioo cha kushoto na kulia tukakiita kioo cha kulala. Cha juu na chini, kioo cha kusimama. Ile kadi tukaiita ubongo. Mahali ambapo leza inaweza kufika, uwanja, na kitu chochote ukikiweka nje ya uwanja hakiandikwi hata ulie. Leza ikiwa imewaka na inakwenda, inachora. Ikiwa imezimwa na vioo vinahamia kwenye herufi nyingine, inaruka. Kati ya kuchora na kuruka lazima isubiri kidogo. Isiposubiri vya kutosha, vioo vinakuwa bado viko njiani, na herufi inakosa mguu au pembe yake inakuwa mviringo. Ikisubiri sana, inachoma shimo pale ilipokaa. Kulikuwa na faili ya kunyoosha, kwa sababu mwanga ukienda pembeni mwa uwanja unapindika, na bila faili hiyo mraba hutoka umevimba tumbo. Na kulikuwa na kufuli ya mlango, swichi inayozima leza mlango ukifunguliwa tu, maana ule mwanga hauchezi na macho.

Mwanzoni ilikuwa kiburi tu, naomba nikubali, na bado naona kilikuwa kiburi kizuri. Halafu mpwa wa bosi, aliyewekwa kwenye kiti cha mashine kwa sababu ni mpwa, akachoka akaenda Nairobi kutafuta maisha. Kiti kikabaki. Bosi akatazama huku na huku, akanitazama mimi na kile cheti changu cha kompyuta. "Wa muda tu," akasema. Nikakaa. Nilikaa vizuri kabisa, nikavuta kiti mbele, na sikuwa na nia ya kuwa wa muda.

Tuligombana tangu wiki ya kwanza. Bosi alifunga ile kufuli ya mlango kwa kipande cha waya ili mashine isisimame tukibadilisha plastiki. Alisema inapoteza wakati. Mimi nilitoa waya, yeye akaurudisha, nikatoa, akaurudisha, mpaka akauzungushia gundi ya umeme na kuniambia nikiugusa tena niende nyumbani. Nikanunua miwani ya kukinga leza kupitia yule fundi mpole, nikawa siivui nikiwa karibu na kabati. Bosi hakuwa nayo. Alisema macho yake yameona mengi.

Siku moja umeme ulikuwa unakuja na kwenda, mashine ikakwama katikati ya kazi, bosi akapandwa na hasira akapiga kile kitufe chekundu cha kuzima kila kitu ghafla. Ilipowashwa tena, mota ya kioo cha kulala ilikuwa imekufa. Kuanzia hapo aliamini kabisa kwamba kuzima ghafla ndiko kunaua mota, na hakugusa kitufe kile tena. Alileta fundi wa umeme wa mtaani, wakafunga mota nyingine, wakapishanisha nyaya mbili. Kila kitu kikatoka kimegeuka, kushoto kulia, kulia kushoto. Badala ya kurudi kwenye nyaya, wakaingia kwenye programu wakazipindua namba zote ili zitoke sawa. Namba zikatoka sawa, wakapeana mikono. Michoro hakuna aliyeikumbuka, kwa sababu karibu kazi zetu zote zilikuwa namba.

Wiki hiyo hiyo akaja yule mama.

Alitoka upande wa pili wa mji wa Kajiado, mrefu, amejifunga shuka la bluu, amebeba kipande cha katoni chini ya kwapa. "Endito, takwenya," akanisalimia. Nikaitikia, "Iko," akacheka akasema Kimaasai changu kina vumbi la Machakos. Nikampa stuli. Alikuwa mjane. Mume wake alikuwa na ndugu wa mama mwingine, na baba yao alikuwa amezipa nyumba zake mbili alama moja ya moto, ile wanaita olmishire: nusu duara yenye mkia mfupi chini. Nyumba ya mume wake ilitazama kulia. Nyumba ya yule shemeji ilitazama kushoto. Ndiyo tofauti yote iliyokuwepo.

Kiangazi kilipokaza, makundi yote mawili yalihamishwa pamoja mpaka Rombo karibu na mpaka, na mume akafia huko. Mvua iliporudi ng'ombe walirudi wamechanganyika. Wakubwa walikuwa na alama zao za moto ubavuni, hao hawakuwa na maneno. Ndama waliozaliwa njiani hawakuwa na chochote. Shemeji alisema ni wake. Yule mama alimjua kila ndama na mama yake na mahali alipozaliwa, lakini chuma cha kuchomea alama kilikuwa kwa shemeji, na hakuna mwanamke anayekishika. Chifu alikuwa amesema Jumanne watakaa watenganishe. Ndama wa kila mtu wawe na alama, na asiye na alama aende kwa mwenye chuma.

"Kwa hivyo nimekuja kwa plastiki," akasema. "Plastiki haikuwa wakati wa babu zetu. Hakuna mtu alisema ni ya nani."

Nilimpenda hapo hapo. Mtoto wake wa kiume alikuwa bado ananyonya, na hao ndama ndio walikuwa ng'ombe wake wote wa kesho. Nikachora ile alama kwenye kompyuta nikiifuata kama alivyoichora kwenye katoni yake, nikamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Akaigusa kwa kidole. Akasema ndiyo hiyo. Ilikuwa Ijumaa jioni, na Jumamosi mimi siendi kazini, sisi ni Wasabato. Bosi akasema usijali, atazipitisha yeye mwenyewe, na pikapu yake inakwenda Kajiado atazituma zikiwa zimefungwa.

Jumatatu asubuhi mwenzangu aliokota tegi moja ya majaribio iliyobaki juu ya meza. Akaitazama, akaigeuza, akaacha kutafuna.

"Hii ni ya nani?"

"Ya yule mama wa nyumbani kwenu."

"Hapana. Hii ni ya shemeji yake. Inatazama kushoto."

Nikaichukua. Namba ilikuwa sawa. Nusu duara ilikuwa imegeukia upande mwingine kabisa. Yule mama alikuwa amekuja kutafuta ushahidi wake, na sisi tulikuwa tumemtumia ushahidi wa adui yake, katoni nzima, imefungwa vizuri na kamba.

Nikaenda kwa bosi na ile tegi mkononi. Alikuwa anakunywa chai. Nilimweleza pole pole, kwa maneno yangu, kioo cha kulala kimegeuzwa, namba zilipinduliwa, michoro haikupinduliwa. Akasema, "Ng'ombe hasomi."

Nikamwambia chifu anasoma.

"Basi avishe juu chini. Itatazama huko anataka."

Nikamwonyesha kwamba ukiigeuza juu chini ule mkia unakwenda juu, na hiyo itakuwa alama ya nyumba isiyokuwepo duniani. Akaweka kikombe chini. Akasema kuna oda ya ranchi kubwa kwenye mashine, malalamiko huletwa na mteja, na mimi nirudi kwenye kiti kabla hajakumbuka kwamba ni cha muda. Kisha akaongeza, na hili ndilo lilinimaliza, "Na uache hayo majina yako ya kioo kulala, kioo kusimama. Unatuaibisha. Mashine iko na lugha yake."

Nilirudi kwenye kiti. Nikatoa oda ya ranchi. Nikafungua ule mchoro, nikaugeuza kwenye kompyuta ili ukipita kwenye vioo vilivyogeuzwa utoke sawa, nikaweka plastiki mpya, nikavaa miwani yangu, nikabonyeza. Sikunong'ona, sikujificha. Mwenzangu alisimama kando yangu akitazama kupitia kile kidirisha, akasema, "Kulia. Inatazama kulia." Nikamwambia apange.

Bosi alisikia mlio wa mashine umebadilika. Alikuja mbio. Aliponiuliza nafanya nini nikamwambia, "Narudia kazi yako." Akaniambia nisimamishe. Nikamwambia nitasimamisha nikimaliza. Ndipo akashika mlango wa kabati akaufungua kwa nguvu ili leza izime.

Haikuzima. Kufuli alikuwa ameifunga mwenyewe, kwa waya wake mwenyewe, na gundi juu. Leza iliendelea kuchora mlango ukiwa wazi, ule mlio wake mwembamba ukatoka wote chumbani, na mimi nilikuwa na miwani na yeye hakuwa nayo. Nikamwambia, kwa sauti ya kawaida tu, "Bosi, macho." Akageuza uso ukutani, akatafuta mlango kwa mkono nyuma ya mgongo wake, akaufunga mwenyewe. Kitufe chekundu kilikuwa hapo karibu na goti lake. Alikitazama. Akakumbuka mota. Akasimama tu, mikono kiunoni, mpaka tegi ya mwisho ikatoka, na mimi sitaficha kwamba nilifurahi kila sekunde ya kusimama kwake.

"Ukitoka na hizo usirudi," akasema.

"Sawa."

Nisikuchoshe na habari ya kiti. Sikurudi. Mwenzangu ndiye alikikalia, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine aliyejua mashine ile, na alikuwa ameijua kwa yale majina yetu. Nilikuja kusikia kwamba bosi akitaka kitu kirekebishwe ilimbidi aseme kioo cha kulala, maana akisema vingine yule dada alikuwa anajifanya hasikii. Hiyo ilinilipa vya kutosha.

Jumanne asubuhi nilipata lori la mawe lililokuwa linarudi tupu Kajiado. Mwenzangu alikuwa amenielekeza: ushukie mjini, uulize njia ya bwawa, ufuate ng'ombe. Niliwafuata. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani kwa sababu mama alisema mtu haendi mbele ya chifu na ndala. Nilipofika kwenye boma, wanaume walikuwa wameshakaa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba, chifu kwenye kiti cha plastiki, pikipiki yake kando yake. Ndama walikuwa wamefungiwa upande mmoja, wanalia. Na katoni yetu ilikuwa katikati, imefunguliwa.

Yule mama aliniona. Sikusalimiwa. Alikuja mpaka mbele yangu akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji yangu alikupa nini?"

Nimetukanwa na watu wengi maishani, lakini hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu ningekuwa yeye ningeuliza hivyo hivyo. Nikamwambia sikupewa kitu, nimefutwa kazi, na nimeleta zile za ukweli. Nikafungua mfuko nikampa moja. Akafuata nusu duara kwa kidole. Kisha akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, akanivuta mpaka kwa wanaume.

Shemeji alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, anayezungumza taratibu. Hakuwa mjinga na sitamfanya mjinga. Alikuwa ameshika tegi moja ya zile za kwanza, akasema kwamba yeye hakwenda mjini, hakujua mashine, lakini hata mashine ya mjini imeandika ukweli. Sasa wanaleta nyingine baada ya kuona ya kwanza imewakataa. Chifu ajiulize mwenyewe.

Chifu akaniuliza mimi ni nani na nina nini la kusema. Nikasema. Ningekuwa nimebeba maneno ya bosi, ningesimama pale nikiongea na ndama. Nikawaambia mashine ile haiandiki kwa kalamu, inaandika kwa mwanga, na mwanga unaongozwa na vioo viwili, kimoja kinalala na kimoja kinasimama. Nikaonyesha kwa viganja vyangu. Nikasema kile cha kulala kilikufa, kikawekwa kingine, na nyaya zake zikapishana, kwa hivyo kila kilipoambiwa kiende kulia kilikwenda kushoto. Chifu alikuwa anawatafsiria wazee maneno yangu, na niliona yanapita. Mzee mmoja alifanya viganja vyake kama vyangu, akageuza kimoja, akaguna.

Kisha nikachukua ile tegi kutoka mkononi mwa shemeji, nikaomba ruhusa, nikaishika mbele ya kioo cha pikipiki ya chifu. Ndani ya kioo nusu duara ilikuwa inatazama kulia. Chifu akainama akaona. Wazee wakaja mmoja mmoja. Hata shemeji alikuja akaona.

Akasimama wima, akasema, "Na namba? Kwenye kioo namba zimegeuka, kwenye plastiki ziko sawa. Kwa nini mashine yako iligeuza alama na ikaacha namba?"

Lilikuwa swali zuri kabisa na lilinichoma. Nikamwambia namba nazo zilikuwa zinageuka, watu wa karakana wakaziona wakazipindua kwenye kompyuta, alama wakaisahau. Nilisikia jinsi inavyosikika. Jibu la kweli lilikuwa refu kuliko la uongo, na uso wa chifu ulikuwa umeanza kuchoka. Wazee wakaanza kuzungumza wenyewe kwa wenyewe. Shemeji aliona amepata nafasi, akaimalizia. Akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie, kwamba haya ya vioo ni ya watu wa kompyuta, lakini hata alama ikiwa kulia, hata ikiwa kushoto, tangu lini mwanamke akaweka alama kwa ng'ombe? Chuma kiko kwake. Hakijawahi kushikwa na mwanamke na hakitashikwa leo.

Alikuwa amesema kitu ambacho wote walikuwa wamekulia ndani yake. Kwa hayo sikuwa na mchoro wa kugeuza.

Yule mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Akapita mbele. Masikio yake yalikuwa na shanga mpaka mabegani, kazi ya mikono yake mwenyewe, na alipotembea zililia.

"Hiyo chuma kaa nayo," akamwambia. "Mimi sijaiomba. Mimi siweki alama. Mimi navalisha watoto wangu herini. Uniambie ni lini mwanaume wa hili boma alikuja kuniuliza juu ya herini."

Chifu aliwatafsiria wazee, ingawa nadhani walikuwa wameelewa. Yule mzee wa viganja akatazama chini, na mabega yake yakawa yanatikisika. Mwingine akafunika mdomo. Shemeji aliwatazama, akamtazama chifu, na chifu akawa anapangusa kioo cha pikipiki yake kwa kidole gumba. Kisha chifu akasema kwamba yeye alitaka kuona alama, na alama anaiona, na sheria ya plastiki yeye haijui.

Yule mama hakusubiri amalize. Alikuwa ameshachukua koleo la kubania tegi masikioni. Akaingia katikati ya ndama akamwita mmoja, mwekundu mwenye paji jeupe, akataja jina la mama yake na mahali alipozaliwa njiani Rombo, kwa sauti ya kusikika na wote. Halafu akageuka.

"Wewe wa vioo. Kuja ushike kichwa."

Mimi naogopa ndama tangu utotoni, na wote pale walikuwa wanaona hivyo. Niliingia na viatu vyangu vya kanisani kwenye mavi, nikapiga goti, nikamshika yule mwekundu shingoni na sikioni. Koleo likauma. Tegi ikakaa, nusu duara imetazama kulia, mkia chini. Ndama akaruka akanipiga teke la goti mpaka nikaona nyota. Sikumwachilia.